Skrini nyeusi bado ina kazi kwenye seva za Lubumbashi

Mafundi wengi vijana hapa Lubumbashi wameijua Proxmox, programu inayogawa seva moja katika makontena, yaani sehemu zinazojitegemea kila moja na huduma yake, kupitia kivinjari. Wanafungua anwani ya seva kwenye poti 8006, wanaona orodha ya makontena, wanabofya hapa na pale, huduma inaanza upya. Wakimkuta mwenzao ameingia kwa ssh, yaani skrini nyeusi ya maandishi tu, anaandika `pct start 101` (washa kontena namba 101), wanasema amepitwa na wakati, au anaficha kazi ili bosi asiweze kumbadilisha. Lawama hiyo ya pili ni nzito, na inastahili jibu.

Paneli, yaani ukurasa huo wa kubofya, ina haki yake. Inasomeka kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea shuleni. Tena inamlinda mtu na mkono wake mwenyewe: ukitaka kufuta kontena, inakudai uandike kwanza namba yake. `pct destroy`, amri ya kufuta, haiulizi. Kontena lililozimwa linaondoka na diski yake, na aliyechanganya 110 na 101 usiku wa manane amepoteza data ya watu. Kinga ipo, `pct set 101 --protection 1`, ila lazima uwe uliiweka mapema. Kwa ofisi ya mtaa wa Golf yenye fiber na jenereta, sina ugomvi na paneli.

Lakini anayesimamia seva kutoka mitaa ya Katuba au Kamalondo anatumia mega za simu. Paneli inapakia programu nzima ndani ya kivinjari kabla hujaona chochote, kisha inaendelea kuiuliza seva hali yake muda wote. Mtandao ukilegea, unabaki kutazama duara likizunguka bila kujua kama ombi lako limefika. Skrini nyeusi inabeba maandishi tu. `pct list` inakurudishia mistari michache: namba, hali, jina. Ukifanya kazi ndani ya `tmux`, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva, hata laini ikikatika katikati ya kusasisha mfumo, kazi inaendelea kule kule kwenye seva. Mtandao ukirudi, `tmux attach` inakurudisha pale ulipoachia.

Kinachonisukuma zaidi kuandika haya ni umeme. Chukua zahanati yenye makontena matatu: 101 lina hifadhidata ya wagonjwa, 102 lina programu ya mapokezi, 103 linatunza nakala rudufu. Umeme unakatika, onduleri (betri ya akiba) inaishiwa, seva inazimika ghafla. Umeme ukirudi, makontena yanaamka moja baada ya jingine bila kusubiriana. 102 linaitafuta hifadhidata ambayo imeamka lakini bado inakagua faili zake baada ya kuzimwa vibaya. Linakosa jibu, linaanguka, na huenda lisijaribu tena. Asubuhi mapokezi wanakuta ukurasa wa kosa. Wanarudi kwenye daftari, majina yanaandikwa kwa kalamu, na jioni muuguzi aliyechoka anaanza kuyaingiza upya kwenye kompyuta, moja moja. Hapo ndipo tarehe ya kuzaliwa inapokosewa, au mgonjwa mmoja anapata faili mbili. Yote hayo yanazuiwa na mstari mmoja:

`pct set 101 --onboot 1 --startup order=1,up=60`

Maana yake: 101 liamke la kwanza, na linalofuata lisubiri sekunde 60. Kisha 102 unalipatia `order=2`, na 103 `order=3`.

Paneli nayo ina sehemu ya kujaza haya. Ila aliyebofya haachi maelezo. Faili la `/etc/pve/lxc/101.conf` litakuonyesha matokeo. Halitakuambia kwa nini ni sekunde 60 na si 10. Amri unaiweka kwenye faili la kawaida, juu yake unaandika sababu kwa Kiswahili chepesi, na fundi atakayekufuata ataikuta. Seva ikiungua kwa umeme uliorudi na nguvu kupita kiasi, unarudisha kwenye mashine mpya nakala rudufu uliyotunza nje ya seva hiyo huku ukisoma faili hilo hatua kwa hatua. Mibofyo hakuna anayeikumbuka.

Kwa hiyo anayeficha kazi ni yule anayeandika amri bila kuziweka mahali popote. Wapo, na bosi ana haki ya kuwaogopa.

Wengine wanasema makontena yenyewe si salama kama mashine pepe kamili, kwa sababu makontena yote yanatumia kiini kimoja (moyo wa mfumo) cha Linux, wakati kila mashine pepe ina chake. Ni kweli; kasoro ya runc, programu inayoendesha makontena ya Docker, iliyotangazwa Februari 2019 ilionyesha kwamba aliye ndani ya kontena angeweza kuifikia seva yenyewe. Kontena likiundwa kwa `--unprivileged 1`, root (msimamizi mkuu) wa ndani anahesabiwa nje kama mtumiaji 100000, asiye na mamlaka, na hatari inapungua sana. Mteja usiyemjua mpe mashine pepe. Zahanati yenye seva ndogo itafaidika zaidi na makontena, kwa kuwa hayali kumbukumbu kwa kubeba kila moja kiini chake.

Bosi asiyejua kusoma amri bado anaweza kuipima kazi. Adai faili la amri kabla ya kulipa. Kisha Jumamosi jioni, zahanati ikiwa haina wagonjwa, seva izimwe kwa utaratibu, iwashwe tena, mtu asiguse kibodi, na yeye mwenyewe afungue programu ya mapokezi baada ya dakika chache bila kumpigia fundi simu.