Ukoo Unaosomesha
Jamaa zangu wakija Guangzhou, China, kufunga mzigo, nawapeleka kwenye jumba la ukoo wa Chen kabla hawajaingia masokoni. Lilikamilika mwaka 1894 kwa michango ya watu wa jina hilo kutoka wilaya 72 za jimbo la Guangdong. Vijana wao waliokuja mjini kufanya mitihani ya utumishi wa serikali ya kifalme walifikia hapo na kujisomea humo. Mitihani ile ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kupata cheo, na akifaulu mmoja, ukoo mzima ulipata wa kuusemea serikalini.

Mitihani ilifutwa 1905. Wakomunisti walipoingia wakagawa kwa wakulima mashamba ya koo yaliyokuwa yakilipia masomo. Ungedhani habari imeishia hapo. Lakini siku hizi katika vijiji vingi vya Guangdong, matokeo ya gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, yakishatoka, waliopata chuo huitwa kwenye jumba la mababu wakapewa bahasha nyekundu mbele ya wazee. Ukutani hubandikwa karatasi nyekundu yenye majina ya waliochanga, kila jina na kiasi chake.

Si kila walichorithi ni chema. Enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme China, kila jimbo lilikuwa na idadi yake maalumu ya watakaofaulu, na kufanyia mtihani ugenini lilikuwa kosa. Leo bado watoto wengi wa vibarua waliokulia mijini hurudishwa kufanyia mtihani kule walikoandikishwa kama wakazi. Na wasichana zamani hawakuruhusiwa kabisa.

Ila kwenye kusomesha wametuzidi. Koo zenye uwezo zilitenga mashamba, kodi yake ikamlipa mwalimu mwaka hadi mwaka. Sisi Watanzania kuchanga tunakujua: harusi ina kamati, kadi na vikao, na ukichelewesha ahadi unapigiwa simu. Mtoto akikosa mkopo wa chuo, mzigo unamwangukia mjomba mmoja mwenye ajira. Mjomba akipunguzwa kazini, mtoto anarudi nyumbani. Hili linaniuma sana.

Tutenge basi ekari moja ya mikorosho, au vyumba viwili vya kupangisha, mapato yake yawe ya ada tu, kwa binti sawa na kwa kaka yake. Pendekezo nimeshaliweka kwenye grupu la ukoo. Kaka mkubwa anauliza nani atashika fedha, na ana haki ya kuuliza: hata mali za koo za Kichina zililiwa na baadhi ya wasimamizi wake. Nimemjibu kwamba hesabu isomwe kila Desemba, watu wote wakiwepo.