Tumeshirikishwa

Jamani, na sisi tumeshirikishwa! Mkiona watu wa mtaa wetu tunatembea vifua mbele msishangae. Tumetakiwa maoni kuhusu tanuri la kuchomea taka za hospitali, na si maganda ya ndizi hayo: ni sindano, bandeji, madawa yaliyopitwa na wakati, vitu ambavyo daktari mwenyewe havishiki bila glavu.

Barabara hatukuulizwa. Maji yakikatwa wiki nzima, hatuulizwi. Sumu ndiyo tunaulizwa, tena kwa hema na viti vya kukodi.

Sheria ni nzuri, sikatai. Kanuni za mazingira za Kenya za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, atoe ilani gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni, kisha aitishe mikutano isiyopungua mitatu. Tangazo lilibandikwa, ndiyo: nyuma ya mlango ambao hushinda wazi, umeegemea ukuta. Gazeti huku kwetu hufika likiwa limefungia mahamri. Ripoti ya athari kwa mazingira nayo ipo, Kiingereza kitupu, nene kama tofali, uende ukaisome ofisini saa za kazi.

Mkutanoni, mtaalamu wa mradi akaeleza: moto utafika digrii 1,100, sumu yote kwisha. Nikanyoosha mkono. Na stima ikipotea? Maana huku manyunyu tu, giza. Moto ukipoa si ndipo dioksini, ile sumu ya moshi wa taka, inapotoka? Akatabasamu, akasema pembeni watapanda miti.

Fundi baiskeli akauliza jivu litamwagwa wapi. Watapanda miti. Mzee mmoja akakumbusha mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilivyowaachia watu madini ya risasi mwilini. Mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikazidi kupanda na kushuka mpaka Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Mtaalamu akasema hilo ni swali zuri sana. Miti.

Huku karatasi ya mahudhurio inazunguka, kreti ya soda nyuma yake. Hujasaini, hunywi. Na karatasi hiyohiyo, naambiwa, ndiyo hubanwa kwenye ripoti kuonyesha jamii imekubali. Mtu ana kiu, anahesabiwa ameridhia! Vijana nao walipoomba kazi, karani akaandika wananchi wameupokea mradi.

Mwisho mama wa mahamri akasimama, akauliza hiyo miti ni mivinje au miembe, maana kama moshi atauvuta yeye, angalau apate cha kuuza.