Nahodha akisema hapana, tushuke botini

Sisi watu wa Mbeya mjini tuna tabia ya kulichukulia Ziwa Nyasa kama bwawa la kupigia picha. Tunateremka Tukuyu kwenye chai na migomba, tunaingia Ipinda joto linatupokea, na tukishafika Matema tunavua viatu, basi, raha imeanza. Nilikuwa hivyo mpaka Julai mwaka jana.

Tulikuwa marafiki watano. Tulikodi boti ya mbao yenye injini itupeleke Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Kabla hatujapanda nahodha alitupa sharti moja: "Wanangu, saa sita tuwe tumesharudi. Upepo wa mchana siupendi." Tukaitikia, ndiyo mzee. Kule tukanogewa. Kuna mama alikuwa analainisha mdomo wa chungu kwa kidole kilicholowa, polepole, na hakuna aliyetaka kuondoka. Tukanunua vyungu, tukabishana bei, saa nane ikatukuta pale pale.

Mzee alilitazama ziwa, akasema afadhali tulale. Mmoja wetu akamjibu kwamba tumeshalipa na kesho ni kazi. Sisi wengine hatukumpinga mwenzetu. Mzee akanyamaza, akavuta kamba ya injini. Ule ukimya wake unaniuma mpaka leo.

Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini hulivuma ziwa hili kwa nguvu. Wavuvi wa upande wa Malawi wanauita mwera. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo wimbi linalotufikia sisi limekuwa likikua njia nzima. Kando yako Milima ya Livingstone imezama majini wima, na ukitafuta pa kukwepea unaona miamba tu.

Mawimbi yalitujia kwa nyuma. Yanainua tezi, yaani nyuma ya boti, boti inateleza kama gari lisilo na breki, omo, yaani mbele yake, inajichimbia majini, mbao zinalia. Mzee alikuwa anageuza shingo kila mara, anasubiri wimbi lipite chini yetu ndipo akaze moto. Maji yakaingia. Cha kukombea kilikuwa kidumu kimoja kilichokatwa. Rafiki yangu akachukua chungu chake kipya akakomba nacho, bila kusema neno, macho yameganda kwenye sakafu ya boti.

Jaketi okozi zilikuwepo mbili. Moja tulikuwa tumeikalia tangu asubuhi kwa sababu ubao ulikuwa mgumu. Ya pili ilikuwa chini ya kamba, mikanda yake imejifunga fundo ambalo vidole vyangu vinavyotetemeka havikuweza kulifungua. Na katika sisi watano, anayejua kuogelea ni mmoja. Tumekulia kwenye baridi ya milimani. Nani alitufundisha kuogelea?

Nyumba za Matema tulikuwa tunaziona muda wote, na hilo ndilo lililokuwa linatupa moyo. Lakini kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 2018 kikiwa kinakaribia kabisa gati la Ukara, kule Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa.

Tulifika. Mzee alipoivuta boti mchangani mikono yake ilikuwa inatetemeka kama yetu, na ndipo nilipoelewa kwamba naye aliogopa, ila pesa yetu ilimfunga mdomo. Ndiyo maana nasema: hela ya boti isimpe abiria sauti juu ya nahodha. Akisema tulale, tulale. Na jaketi zivaliwe ufukweni, idadi sawa na vichwa, la sivyo boti isisukumwe majini. Wasimamizi wa vyombo wakaze hapo, lakini na sisi abiria tukatae kupanda. Sisi tulikwenda kutembea tu. Wako akina mama wa vijiji vya chini ya milima ile ambao boti ndiyo daladala yao, wanapanda na mtoto mgongoni na gunia miguuni, Julai hiyo hiyo.

Oktoba tunarudi, watano wale wale. Jaketi sita tumeshanunua, ya sita ni ya mzee. Kazini nimeomba siku moja ya ziada.