Aunsi 4 kwenye sinki

Juzi dei kea wamenimwagia maziwa. Sio ya dukani, maziwa yangu mimi, aunsi 4, kama mililita 120 hivi, nimeyakamua dakika 25 mkono mmoja umeshika pampu mwingine simu naangalia picha ya mtoto, maana ukimwangalia ndo yanashuka. Kosa langu ni stika, ina jina la mtoto haina tarehe. Dada wa pale kaniambia kwa upole tena anatabasamu, chupa bila tarehe hawampi mtoto wala hawairudishi frijini, inamwagwa. Nikasema sawa asante. Nikaenda kukaa kwenye gari nikamtukana kwa Kiswahili mpaka kioo kikaweka ukungu.

Halafu humo humo kwenye gari nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimemwaga maziwa yangu kwenye sinki ya ofisi Dar es Salaam kila siku ya kazi kwa miezi minne, na sikuwahi kukasirika hata siku moja.

Ndo hilo limenifanya niandike. Na najua tayari kuna mtu ananuna, "haya, kafika Ohio, Marekani, anakuja kutufundisha kunyonyesha". Subiri basi nimalize, utanuna vizuri zaidi.

Mtoto wa kwanza nilimzaa Dar, kazi Posta katikati ya jiji, nyumbani Chamazi kule pembezoni, mnaoijua njia hiyo mnajua. Nikapata siku zangu 84 na mshahara juu, hilo sitalisema vibaya. Na sheria ya kazi ya 2004 inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya saa za kazi. Sasa watu wa utumishi pale kwetu wakaniambia haya masaa tunakuruhusu utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, nikashukuru, nikaona nimependelewa kabisa. Natoka saa tisa nafika saa kumi na moja, mtoto keshalala na njaa yake au keshashindiliwa uji. Hayo masaa mawili nilikuwa nayanyonyesha foleni.

Na saa tano asubuhi matiti hayajui kama wewe utatoka saa tisa. Yamejaa, yamekuwa mawe, blauzi imeloa, unatembea na faili kifuani kama mtoto wa shule. Tulikuwa na stoo ya makaratasi mlango wake haufungi, basi mwenzangu mmoja, Mungu ambariki, anasimama nje kanipa mgongo, mimi ndani nimesimama katikati ya maboksi nakamua kwa mkono kwenye kikombe cha chai. Kikijaa nakimwaga, naosha kikombe, narudi kazini. Kwa nini sikutunza? Nitunze wapi! Friji ilikuwa moja, ina maji na soda za wageni, nani ataweka humo maziwa ya kifua chake watu wasimseme? Na wanaojua haya mambo wanasema maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje masaa manne kama chumba hakizidi nyuzi 25. Nyuzi 25 Dar, mwezi wa pili, umeme umekatika. Haya.

Na hata ningefika nayo nyumbani, bibi wa mtoto asingeyagusa. "Hayo yamelala." Hata mimi mwenyewe nikirudi ilibidi nikamue kidogo nimwage kwanza kabla ya kumpa mtoto nyonyo, eti nimetoka juani maziwa yamepata moto. Lakini maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa maji kwa mtoto wa miezi mitatu, hayo sawa! Mama mkwe wangu nampenda sana na mtoto alikua, ila tumbo la yule mtoto mimi ndo najua tulivyokesha nalo.

Sasa hapa. Nafanya kazi ghalani, napakia oda, shifti inaanza saa 12 asubuhi. Kuna chumba. Kidogo, kina kiti, meza, soketi, kifriji, na kitasa kinachofunga kwa ndani, mlangoni kuna kibao unageuza kinasoma kuna mtu. Sio huruma ya bosi, ni sheria, ilianza 2010 na wakaipanua Desemba 2022, mama anapewa muda wa kukamua mpaka mtoto afike mwaka na mahali pa faragha ambapo SIO CHOO. Imeandikwa hivyo kabisa, kwamba choo hakihesabiki. Na pampu imelipwa na bima. Mara ya kwanza nilipofunga kile kitasa nilikaa dakika nzima sijafanya kitu, nasikiliza tu ukimya.

Ila ngojeni, msianze kufunga mabegi. Likizo ya uzazi ya shirikisho hapa ni wiki 12. Piga hesabu, 12 mara 7. Siku 84! Zile zile! Tofauti hapa hazina hata senti, unalindiwa kazi tu, na hiyo ni kama umeshafanya kazi mwaka na kampuni ina watu 50 na kuendelea. Kodi ya nyumba haijui kama umejifungua, kwa hiyo mimi nimerudi mtoto ana wiki saba, hata shingo haijakaza. Na zile dakika 25 za kukamua nabonyeza mashine ya kuhesabu saa za kazi natoka, hazilipwi. Mzungu kanipa mlango akanikata siku. Kwetu nilipewa siku nikakosa mlango.

Na mikono. Hapa hakuna mikono jamani. Kule mtoto alikuwa hashuki chini, dada anampokea, bibi anampokea, jirani anampitia. Huku kuna mimi, baba watoto, na dada wa stika.

Kumzoesha chupa nako ilikuwa sinema. Akisikia harufu yangu anaikataa, anageuza kichwa anatafuta kifua, kwa hiyo ikabidi baba yake ampe mimi nikiwa nje. Februari, barafu, nimesimama kwenye ngazi nimevaa koti na kanga juu ya koti, namsikia analia ndani, maziwa yananitoka yenyewe. Siku ya nne kanyonya. Siri ni chuchu ya tundu dogo na chupa uilaze isisimame wima, afanye kazi kama anavyofanya kwenye ziwa, la sivyo anazoea ubwete halafu analisusa ziwa.

Sasa hivi ratiba ni ziwa alfajiri kabla sijatoka, kazini nakamua mara mbili, dei kea anakunywa chupa mbili zangu na moja ya maziwa ya kopo, jioni ziwa, usiku ziwa mpaka kuche. Wikiendi chupa hatuzioni kabisa.

Ndiyo, ya kopo. Mshaanza. "Miezi sita ziwa tupu, hukuambiwa kliniki?" Niliambiwa, bango lilikuwa juu ya kichwa cha nesi. Miezi sita ni siku kama 180, likizo ni 84, hizo 96 za katikati anazijaza nani? Bango halikusema. Kule zilijazwa na uji na watu wakanisifu mtoto mnene, huku nimeziba pengo la chupa moja nimekuwa mama mbaya.

Na ile nyingine, "mama zetu walitulea bila pampu". Mama yangu alikuwa mwalimu Korogwe, nyumba ya mwalimu iko nyuma ya shule, saa nne mapumziko yaya ananibeba ananipeleka ofisi ya walimu nanyonya, kengele ikilia narudishwa. Mama hakuhitaji pampu kwa sababu alihitaji dakika tatu kwa mguu! Mchukue huyo huyo mama mpeleke Posta, mtoto mwache Chamazi, halafu uniambie.

Sijasema huku ni bora. Kama kungekuwa na uwezekano ningechukua kile kitasa nikipachike kwenye ile stoo nirudi kwa mama mkwe wangu na ubishi wake.

Mdogo wangu anarudi kazini Jumatatu, mtoto wake kamaliza hizo 84. Nimemnunulia pampu, ya betri, ipo kwenye begi la mtu anayeruka Ijumaa, na stika za tarehe nimeweka. Nikamtumia picha ya chumba chetu nikidhani namtia moyo. Kaitazama akanijibu kwa vois noti fupi, dada asante sana, sasa nikifika nayo nikae wapi? Ofisi yao ni ghorofa ya tatu, chumba kimoja wako watu tisa, choo wanachangia na ghorofa ya pili.