Sikumwomba Mchungaji Punguzo

Kabla hamjaendelea kurushiana humu ile sauti ya harusi yangu, nisikilizeni na mimi. Mpambe wangu, mtu niliyemnunulia viatu kwa hela yangu, ameshaitangazia Dodoma nzima kwamba nilipoulizwa madhabahuni kama nitampenda mke wangu siku zote, nilimjibu mchungaji "punguza kidogo". Leo Jumanne asubuhi muuza chapati wa hapa Ilazo kanirudishia chenji akisema, "Nimekupunguzia kidogo, bwana harusi." Kwa hiyo imeshafika mpaka kwenye chapati.

Maneno niliyasema, sikatai. Ila sikuwa naongea na mchungaji.

Kamati yetu ilikuwa inakaa kila Jumapili jioni Area C, na tangu kikao cha kwanza kwenye bajeti kulikuwa na mstari umeandikwa "Picha na video, 2,000,000". Hakuna aliyeugusa mpaka mweka hazina aliposimama siku moja akasoma: ahadi milioni 14, taslimu milioni 8 na ushee. Mnazijua ahadi za harusi. Mtu kaahidi laki mbili mbele za watu na makofi kapigiwa, ukimpigia simu anakwambia yuko Mji wa Serikali, Mtumba, kwenye kikao, na kikao chenyewe mwezi wa pili huu hakijaisha.

Ikabidi tukate. Chakula hakikatwi, wageni watasema. Kwenye vinywaji mwenyekiti, ambaye ni mjomba wangu, alitoa macho hata kabla hatujafika huko. Ukumbi ulishalipiwa. Tukabaki tunatazama mstari wa picha. Mjomba yeye alikuwa anataka na droni juu yake. Akaelezwa kwamba droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na haya ni makao makuu, huwezi kurusha kidude angani ukategemea watu watadhani ni kunguru. Droni ikafa. Hapo ndipo nikasimama, kifua mbele, nikasema suala la picha niachieni mimi mwenyewe, nalimaliza kwa laki nane. Nikapigiwa makofi. Milioni moja na laki mbili iliyobaki tukaihamishia kwenye matarumbeta na ndafu wa pili.

Hapo sijaongea na mpiga picha hata mmoja. Laki nane niliitoa kichwani.

Wa kwanza kumpigia alikuwa wa Dar. Milioni moja na laki nane, siku nzima kuanzia saluni mpaka watu wanapofagia ukumbi, wapiga picha wawili, albamu, na fremu kubwa ya ukutani, nauli ya treni ya SGR humo humo. Akanieleza vizuri tu: kupiga ni siku moja, lakini baada ya hapo anakaa wiki nzima kwenye kompyuta akichambua na kusafisha rangi, na kamera zake zinaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine ipo, kwa sababu harusi hairudiwi. Mimi nikaona ananiuzia maneno. Nikamwambia, "Nitakurudia." Mnajua maana yake.

Wa pili wa hapa hapa mjini, laki mbili na nusu. Nikaomba sampuli. Akanitumia picha kumi, saba maharusi wamefumba macho, moja ya kiti. Zile mbili zilizobaki zilikuwa nzuri, ila mmoja wa maharusi nilimfahamu, na najua harusi yake alipigiwa na mtu mwingine.

Wa tatu ndiye huyu. Kijana mpole, studio yake Makole, picha zake watu wana rangi zao walizozaliwa nazo, siyo kama wamemwagiwa unga. Akanitumia bei kwenye kikaratasi kizuri chenye maua:

Saa 6 – 800,000
Saa 12 – 1,400,000

Nikaisoma mara tatu. Nikaenda kufunga mlango.

Ndugu zangu, nilichokisoma mimi ni hiki: nikitoa laki nane, atapiga mpaka saa sita usiku. Nikitoa milioni na laki nne, ataishia saa kumi na mbili jioni. Nikasema moyoni, huyu kijana biashara haijui, na siyo mimi nitakayemfundisha. Nikamtafutia hata sababu: labda jioni ni ghali kwa ajili ya ule mwanga wa jua linapozama wanaousifia wapiga picha. Sikumwuliza kitu, nisije nikamzindua. Nikamrushia nusu ya hela muda ule ule, nikaandika "nachukua ya saa 6". Akajibu, "Sawa bosi, saa 6 kuanzia tutakapoanza."

Hata hapo. "Kuanzia tutakapoanza." Nikaona ni maneno ya adabu.

Nimekuja kujua baadaye kwamba kijana kasomea Kiswahili chuoni, haandiki "masaa". Angeandika "masaa 6" kama tunavyokosea wote, leo ningekuwa na heshima yangu. Wewe mwalimu unayetusahihisha kila siku humu, hii ni kazi yako.

Basi Jumamosi akafika nyumbani saa mbili kamili asubuhi, akatazama saa yake, akabonyeza kitu kwenye simu. Nami kwa kuwa nilijua nina mtu mpaka usiku wa manane, nikamtumia kama niliyekodi trekta. Piga viatu. Piga viatu na boksi lake. Piga wajomba wakinywa supu. Piga gari likioshwa. Saa nne alitakiwa awe saluni kwa bibi harusi, nikamwambia kwanza twende Mpunguzi, barabara ya Iringa, jamaa yangu ana shamba la zabibu na sasa hivi zimeiva.

Akaniuliza taratibu, "Bibi harusi tutamkuta huko?"

"Hapana, hatakiwi kuniona bado. Tunaanza na zangu."

Akatazama saa. "Bosi, una uhakika?"

Nilikuwa na uhakika! Mnaoijua Dodoma ya mwezi wa tisa mnaujua upepo wake. Suti ya bluu ikawa rangi ya barabara ndani ya dakika kumi. Nikapigwa picha nimeshika kichala, nimenusa kichala, nimekipa kichala mgongo halafu nikageuka ghafla kama kimeniita. Moja nimekaa chini ya mizabibu natazama mbali, mgombea udiwani kabisa, limebaki jina la kata tu. Tunarudi mjini ni saa sita na nusu, saluni wamepiga simu mara kumi na moja, na bibi harusi amevaa shela, amelivua, amelivaa tena.

Ibada ilikuwa ianze saa saba. Ikaanza na nusu, na mama mkwe alikuwa anajua kwa nini.

Sasa hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo mpambe wangu anaporuka.

Saa nane inakaribia. Nimesimama mbele, mkono wangu umo ndani ya mkono wa bibi harusi. Kipaza sauti ni kimoja, mzee wa kanisa ndiye anakihamisha: kwa mchungaji, halafu kwetu, halafu kwa mchungaji. Mpiga picha amepiga goti hatua moja kutoka kwangu, anaiwinda pete. Mchungaji ameweka kidole kwenye mstari, anasoma kwa sauti ile yao nzito, neno moja moja.

Simu ya mpiga picha ikalia. Siyo kwa nguvu. Tri, tri. Akaizima. Akanyanyuka. Akachukua kile kifuniko cheusi, akafunika lenzi. Kak.

Nikamnong'oneza kwa pembe ya mdomo, "Vipi?"

"Saa 6 zimeisha, bosi."

"Zimeishaje na hii ni saa nane?"

"Saa sita, bosi. Tangu saa mbili."

Nikaanza kuhesabu. Vidole nilivyokuwa navyo ndiyo vile vilivyoshikwa, kwa hiyo nikawa nahesabia humo humo ndani ya kiganja cha bibi harusi: saa tatu, nne, tano... Yeye akadhani ni mahaba, akanibana. Nikafika ya sita. Magoti yakaniishia nguvu. Nikaiona ile bei yenye maua, nikaiona ile ya saa 12, nikajiona mimi nafunga mlango.

"Ukiongeza ni shilingi ngapi?"

"Laki na nusu. Kwa saa."

Mchungaji kule anaendelea, katika afya na ugonjwa, katika raha na taabu, na mimi nasikia kwa mbali kama redio ya jirani. Akafika mwisho: "...siku zote za maisha yenu?" Akanyamaza. Kipaza sauti kikahama kutoka mdomoni kwake, kikapita hewani, nakiona kwa macho yangu kinakuja, na ulimi wangu ulikuwa umeshaondoka.

"Punguza kidogo, hiyo ni nyingi mno."

Spika nne za ndani na mbili za nje, walikosimama waliokosa viti, zote zikasema: punguza kidogo, hiyo ni nyingi mno.

Kulikuwa na mtoto analia tangu ibada ianze. Akanyamaza.

Mchungaji akanitazama juu ya miwani. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Akauliza kwa upole kabisa, "Nipunguze nini, mwanangu?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Na mzee wa kanisa, Mungu amlinde, hakukitoa kipaza sauti. Alikuwa anasubiri jibu. Mpiga picha naye akaona kimya kile ni changu cha kubembeleza bei, akanisogelea sikioni, na sikio langu na kile kipaza sauti ni majirani:

"Basi laki na ishirini, bosi. Ya mwisho kabisa."

Kutoka viti vya nyuma, upande wa kwetu, nikasikia sauti ya mjomba, mwenyekiti wa kamati: "Chukua hiyo!"

Na kutoka safu ya mbele, upande wa kwao, baba mkwe akimwuliza kaka yake, akidhani ananong'ona: "Laki na ishirini ya nini tena? Mahari si tulimaliza?"

Nilishindwa kumtazama mama mkwe usoni, nikatazama kilemba chake. Kilemba kilikuwa kinatetemeka. Mpaka sasa sijui kilikuwa kinacheka au kilikuwa kinafanya nini.

Bibi harusi alikuwa ameshaelewa. Yeye huwa anaelewa mapema, ndiyo maana nilimchumbia. Bila kusogeza midomo akasema neno moja:

"Lipa."

Nami nikasema kwa sauti, "Nakubali."

Vigelegele! Kanisa lilipasuka, watu wanafutana machozi, mchungaji akaisoma sehemu iliyobaki mbio mbio kama mtu anayeogopa bei itapanda. Na mpiga picha akatoa kile kifuniko. Kak.

Nyie mnaoona hapo ndiyo mwisho, hesabuni na mimi. "Nakubali" ile ilijibu watu wawili. Kijana aliisikia kama alivyoisikia mchungaji, na yeye ana haki yake. Akapiga picha nje ya kanisa, akapiga Nyerere Square, akapiga ukumbini, akapiga keki, akapiga ndafu wote wawili, akampiga mjomba anacheza mbele ya matarumbeta, na saa sita kamili usiku simu yake ikalia tena, tri, tri, akaja kuniaga. Kuanzia saa nane mchana. Saa kumi kwa laki na ishirini.

Laki nane, jumlisha milioni moja na laki mbili. Milioni mbili. Ile ile iliyokuwa kwenye bajeti ya kamati, shilingi haikupungua wala kuzidi, isipokuwa sasa hiyo milioni moja na laki mbili inatoka mfukoni kwangu, kwa sababu ile ya kamati imeshapulizwa kwenye matarumbeta. Na wa Dar alikuwa milioni moja na laki nane, na wapiga picha wawili, na fremu.

Mengine mnayajua. MC alinadi keki usiku ule kwa kuuliza kila meza "tupunguze?", baba mkwe kaelezwa akaelewa, nusu ya bahasha za zawadi imeshakwenda Makole. Video ilipigwa bure na vijana wa kanisani kwa kulipwa soda. Ukumbini iko gizagiza, lakini kile kipande cha madhabahuni, wacha! Sauti utadhani studio.

Jana kijana alituma picha ishirini za kuonja. Kumi na nne ni mimi na zabibu. Mke wangu alizitazama zote moja moja, amenyamaza, akafika ile niliyokipa kichala mgongo, akaniuliza, "Na huyu ulimwahidi nini?" Akaenda kulala.

Leo asubuhi kijana kaandika tena: "Bosi, flashi ya picha zote itakuwa tayari saa 4."

Sijamjibu. Nimekaa nayo nusu saa nzima naitazama, sijui niondoke sasa hivi niiwahi saa nne, au nihesabu nne kuanzia alipotuma. Mke wangu kaninyang'anya simu, kampigia yeye mwenyewe.