Mbaazi Zangu Hazikuzaa

Kila nikipiga simu nyumbani Dodoma naambiwa, "Huko maji ni ya bomba, bila shaka mnalima mwaka mzima." Hapana, ndugu zangu. Hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, maji hayajanikatikia hata siku moja, na bado bustani inanipa miezi mitano tu: katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Baada ya hapo udongo unaganda, jembe haliingii.

Mwaka wa kwanza niliona theluji imeyeyuka na jua limetoka mwezi wa Aprili, nikamwaga mbegu za mchicha na bamia. Kwetu ardhi ikilainika unapanda, hungoji kitu kingine. Udongo ulikuwa baridi, mbegu nyingi zikaoza. Chache zilizochomoza ziliuawa usiku mmoja na jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu. Siku hizi bamia naziotesha ndani, dirishani, na mchicha naupanda Mei ikielekea kwisha.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni mbaazi. Nilinunua mbaazi kavu za kupikia, nikapanda, zikastawi hadi zikanipita kimo. Julai, majani tele, ua hakuna. Agosti vilevile. Nilidhani nimezidisha samadi, kumbe ni mwanga. Mbaazi za aina ile husubiri siku ziwe fupi ndipo zitoe maua, na hapa mwezi Juni mchana unapita saa 15. Dodoma, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haupishani hata saa moja, kwa hiyo siku ni fupi za kutosha, na mbaazi zilizopandwa Desemba zinajua wakati wake wa kutoa maua. Hapa maua yalianza Septemba ikiisha, Oktoba baridi ikayachoma. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ule mchicha.

(Mchicha nao una mambo yake. Jirani yangu bustanini, mama mtu mzima, alining'olea tuta zima akidhani ananisaidia palizi, maana hapa mchicha pori ni gugu linalosumbua mashamba ya mahindi na soya. Nilimpikia kwa karanga. Sasa huja kuomba.)

Kwa hiyo sikubali tunaposema nyumbani hatuna bahati ya kilimo. Kweli mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na haitoshi. Lakini joto na mwanga tunavyo Januari hadi Desemba, bure. Mimi huku Septemba nafunika nyanya kwa mashuka kila jioni ili nizipatie wiki mbili zaidi. Halafu nakumbuka nyumbani tunavyofagia uwanja mpaka ung'ae, majani makavu tukayarundika na kuyachoma, na tuta la mboga liko hapohapo, uchi, likikaushwa na upepo wa Agosti. Majani yale ndiyo matandazo, ya kufunika udongo usikauke. Ndoo moja ya maji chini yake ingekaa siku kadhaa. Hili linaniuma, na mimi mwenyewe nimeyachoma miaka mingi.

Nimemwambia mdogo wangu asichome tena. Ameanza na tuta moja la chainizi, nyuma ya jiko.

Jumapili mama aliuliza kama tumeshapanda. Nilimwambia bado, theluji imefika magotini. Yeye alikuwa anaanika mlenda wa kula kiangazi.