Kioo Kinachotaka Kubembelezwa

Leo asubuhi kioo cha kompyuta yangu kimenizimikia tena, na safari hii kimechagua pa kunidhalilishia. Nachapa kadi za mchango wa harusi, mama wa bwana harusi kasimama nyuma yangu ananipumulia shingoni, nimefika kwenye "Bw. Hamisi Athu", giza.

"Umeme umekatika?" akauliza.

Feni juu yetu inazunguka. Redio ya kinyozi wa jirani inaimba.

"Umekatika, mama," nikamjibu kwa heshima zote. Umeme umeshazoea kubeba lawama, moja zaidi haitauua.

Mnavijua vioo vyenyewe. Hivi vyeusi vya inchi 17 vilivyoshushwa na kontena. Changu nyuma kina stika ya shule fulani ya Uingereza, chumba namba 14. Kwa hiyo kilishastaafu huko, kikaja kwangu kuajiriwa upya bila mkataba, na sasa kinafanya kazi kama mstaafu: kinaingia saa kinayotaka, kinatoka saa kinayotaka.

Kilianza kwa kuchelewa kuwaka dakika moja. Nikasema uzee. Zikawa dakika kumi. Nikagundua kina mahali pake pa kupigwa, ubavu wa kulia juu kidogo ya kitufe, kofi la mzazi, si la polisi. Kofi lilipozoeleka nikagundua kikipata joto kinawaka upesi, basi mtu mzima mimi, baba wa watoto watatu, kila asubuhi nikawa naanika kioo juani kama dagaa, huku nafukuza kuku.

Wiki iliyopita kikahamia hatua nyingine: kompyuta inafanya kazi, ila kioo cheusi. Ukimulika tochi karibu kabisa, ukainamisha shingo, maandishi unayaona kwa mbali kama mtu aliyezama kisimani. Nimechapa CV nzima namna hiyo, mwanangu kashika tochi. Kijana anasema nimemwandikia uzoefu wa miaka 33. Ana miaka 24. Nimemwambia waajiri wanapenda uzoefu.

Shemeji yangu anasema tupa. Shemeji ana kazi ya mshahara. Mke wangu kasema neno moja tu: "Ada." Nikaelewa. Nikakifunga kioo kwenye kanga, nikaenda Kariakoo kwa fundi.

Fundi wangu anakaa chini ya ngazi ya ghorofa, mezani kwake kuna maiti za redio, subwoofa na pasi moja ambayo mwenyewe nadhani alishahama mji. Simu kaibana kwa bega, mkononi bisibisi, na moshi wa risasi ya kulehemu unamfuka puani. Akakipokea kioo changu kama daktari anavyopokea mgonjwa aliyecheleweshwa na ndugu. Akachomeka kisu kwenye ufa wa kava, akazungusha, kwaa, kikafunguka. Akatazama ndani. Akanitazama mimi. Akaiambia simu, "Nitakupigia."

"Mzee wangu, nani alikugusia hiki kioo?"

"Kwa nini, fundi?"

"Huyu si fundi. Huyu ni muuaji. Ona risasi alivyoimwaga, kama uji. Ona waya, kaufunga na plasta ya kidonda. Watu kama hawa ndio wanaotuharibia kazi."

"Ni wewe," nikamwambia. "Mwaka jana, mwezi wa nane."

Akainama tena. Akaipuliza vumbi ile plasta, taratibu, kama mtu anayesoma jina kaburini.

"Kwa wakati ule," akasema, "ilikuwa kazi nzuri."

Tukaingia kwenye matibabu. Akanionyesha kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme. Kapasita nzima, kichwa chake bapa kama mfuniko wa soda. Zangu nne zimevimba kama maandazi, na moja imetokwa na ute wa kahawia. Bei? Shilingi 1,000 kila moja. Elfu nne! Nikacheka. Nikamuagizia na kahawa. Wenzangu, msicheke kwa fundi kabla hajamaliza kuongea.

Maana baada ya kahawa kukaja ufundi, 15,000. Kisha akakumbuka zile taa za ndani, virija vyembamba kama mrija wa juisi, kwamba zimechoka, 20,000. Kisha saketi inayoziwasha hizo taa, maana taa mpya kwenye saketi mbovu ni sawa na kuoga ukavaa nguo chafu, hayo ni maneno yake, 25,000. Nikajumlisha kwa vidole, nikajumlisha kwa simu. 64,000.

"Na kile pale?" Nikaonyesha meza ya pili, vioo vimepangwa kama vitabu, inchi 19, vinang'aa.

"Vile 70,000. Vya shemeji yangu."

"Vina warranti?"

"Vinayo. Mpaka pale kwenye mtaro."

"Nikivuka mtaro?"

"Ukivuka mtaro, mzee wangu, kinakuwa chako."

Nikauliza kama naweza kuacha changu nikaongezea. Akakibonyeza, akakipima kwa mkono kama anayenunua tikiti maji. "Hiki nakupa 5,000, ya spea."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Elfu tano! Kioo kilichoandika nusu ya vijana wa mtaa wetu, waliopata kazi na waliokosa. Kimechapa mikataba ya viwanja, barua za posa, hata tangazo la mbuzi aliyepotea, na mbuzi alipatikana! Ukurasa mmoja nauprinti kwa 200. Hiyo 64,000 ni kurasa 320, na hapo sijatoa karatasi, sijatoa wino, na mwenye fremu kodi anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo kana kwamba mimi ni benki. Mtu unaamka alfajiri, unafunga usiku, halafu hesabu nzima ya maisha yako inakuja kukwama kwenye kitu kinachofanana na andazi.

Sikusema hayo yote. Nilisema, "Badilisha kapasita tu."

Ufundi tukavutana mpaka 10,000. Kwa 14,000 kioo kikawaka palepale mezani, tena bila kofi. Taa, akasema fundi, tumwachie Mungu.

Nikapanda daladala nimekipakata. Konda akataka nauli mbili. Nikamwambia hiki si abiria. Akasema kimekaa kama abiria. Bibi mmoja akainua pembe ya kanga, akaona kioo, akaniuliza Simba anacheza saa ngapi. Nikamweleza, bibi, hii si TV. Gari zima likanitazama kama mtu anayeficha TV.

Kumbe habari ilinitangulia. Nafika nyumbani, saa moja jioni, watoto wa uani wamekaa kwenye mkeka, wakubwa wamekuja na viti vyao. "Baba Zulfa kaleta TV!" Nikaapa. Mmoja akaniambia, wewe washa tu, sisi si watu wa kuchagua.

Nikachomeka umeme ili wajionee. Kompyuta iko dukani, kwa hiyo kioo kikafanya kile kinachofanya kikiwa peke yake: kikatoa kisanduku cha bluu kinachosema hakuna mawimbi, kikaanza kukitembeza polepole, kikigonga ukingo kinageuka. Watu wakanyamaza. Kisanduku kikakaribia kona, uani ukainuka. Kikakosa kidogo tu. Ukapita mguno ambao sijausikia tangu penalti.

Mzee wa nyumba ya pili akasogeza kigoda chake mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini, kile cha bluu ni timu gani.